Ngano Iliyokataa Kuinama

Nchi ninayoisimulia haipo. Nasema hivyo mapema, ili msomaji atakayeitambua asinilaumu mimi. Ayalaumu macho yake. Haipo kwenye ramani, haina bendera, na kiongozi wake, aitwaye Baba wa Mavuno, hajapata kuzaliwa. Kama kuna mtu anayefanana naye, mtu huyo atafute wakili. Mimi sina habari.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo kuna uwanda wa juu uitwao Kisonga, wenye vijiji arobaini na baridi ya kutosha vijiji mia. Masika yakiisha, kipupwe kikianza kuuma masikio, ndipo watu wa Kisonga hupanda ngano. Barabara moja tu ya lami hukata uwanda huo, na lami yenyewe iliwekwa kwa sababu moja: mara moja kwa mwaka, Siku ya Mavuno, Baba hupita akielekea kwenye nyumba yake ya mapumziko. Hashuki garini. Hushusha kioo kiasi cha upana wa kiganja, akatazama ngano, akakipandisha.

Serikali yote ya Kisonga, pamoja na polisi wake, karani wake na bendi yake ya tarumbeta sita, iliendeshwa kwa ajili ya upana huo wa kiganja.

Mwaka wa kwanza wa Baba ilitoka Sheria ya Shamba Lililoandikishwa. Ninayo nakala. Inasema shamba lililoandikishwa kuwa la ngano litalimwa ngano mwaka huu, mwakani, na mwaka atakaozikwa mwenye shamba. Shamba litakaloonekana na mmea mwingine litahesabiwa kuwa limetoroka, na mwenyewe atahesabiwa kuwa amelisaidia kutoroka.

Ardhi haikuisoma sheria hiyo. Ekari iliyokuwa ikitoa magunia kumi ikatoa manane, kisha matano, kisha matatu na vumbi. Wizara haikukosa maelezo. Mwaka wa nne ilisema ni ndege. Mwaka wa tano ikasema ni maadui wa nje. Mwaka wa sita, baada ya utafiti wa kina, ikasema ni ndege waliotumwa na maadui wa nje, na kila kaya ikaamriwa kuleta ndege wawili wakahojiwe.

*

Mtu mmoja tu hakupungukiwa. Aliitwa Mama Tasiana, mjane wa Mawe Matatu, mwenye ekari tatu nyuma ya kilima, mahali ambapo kioo cha gari hakifiki. Ekari hizo ndizo mali yake yote. Mumewe alizing'oa visiki kwa mikono, na amezikwa pembeni mwa ekari ya tatu, kichwa kikielekea shambani kama mtu anayelinda.

Mama Tasiana hakuwa na siri. Kila mwaka ekari mbili alitia ngano na moja maharage. Mwakani maharage yakahama, ngano ikaingia pale yalipotoka. Aliyemuuliza sababu alimng'olea shina la maharage akamwonyesha vile vinundu vidogo kwenye mizizi. "Haya ndiyo yanayopika," alisema. "Ngano inakuja kula tu. Sasa wewe ukila kila siku na hakuna anayepika, utakula nini? Sufuria?"

Bwana Shamba wa Kisonga, kijana mwenye cheti cha miaka miwili ya chuo aitwaye Desderi, alijua habari hiyo vizuri. Kila msimu alipewa debe moja la maharage, na kila msimu aliandika kwenye ripoti yake: "Mawe Matatu, ekari mbili ngano ndefu, ekari moja ngano fupi, hali nzuri." Wilayani hakuna aliyeuliza ngano fupi ni nini. Ofisi nzima iliona ni mbegu mpya kutoka wizarani, na mtu mwenye akili haulizi habari za mbegu kutoka wizarani.

Mama Tasiana alikuwa na namna yake ya kupima ngano, ambayo ndiyo namna ya akina mama wote wa Kisonga tangu kabla ya mizani. Unatia kiganja cha punje kinywani, unatafuna taratibu, unameza wanga, unabakiza kile kinachong'ang'ania. Ngano nzuri hubaki donge linalovutika kama ulimbo. Ukilivuta kwa kidole linafika kifuani halijakatika. Huo ndio mkate utakaoumuka. Ngano mbaya huishia kuwa uji mdomoni, unabaki unalamba meno.

*

Mwaka wa nane Wizara ya Mavuno iligundua mbolea. Kabla ya hapo mbolea ilikuwepo, hata mimi nilijifunza kusoma kwenye mifuko yake mikuukuu tuliyozibia dirisha, lakini ilikuwa haijagunduliwa. Redio ikaitangaza siku tatu, pamoja na wimbo. Malori yakashusha mifuko elfu mbili ya mbolea ya kukuzia, fungu la vijiji vyote arobaini, na kila mfuko uliandikwa kwa herufi kubwa: TUMIA KWA KIASI.

Mkuu wa Wilaya, Kanali mstaafu Luzabiko, alijua kusoma. Ila hakuwa mtu wa kupokea amri kutoka kwa mfuko. Akatukusanya kwenye ghala la ushirika.

"Ndugu wananchi! Mbolea hii ni ya nani?"

"Yetu!"

"Na mavuno ni ya nani?"

Watu wakatazamana. "Ya Baba!"

"Na Baba anapita wapi?"

"Barabarani!"

"Basi," akasema Luzabiko, akionekana amefurahishwa na busara yetu, "wenyewe mmeamua mbolea ipelekwe barabarani."

Kando ya lami palikuwa na kipande cha ushirika, hatua mia tatu kwa ishirini, kiitwacho Shamba la Mfano. Desderi alipoona malori yote yanaelekea huko, akanyanyua kidole, kile cha mkono wa kushoto, ili ikibidi aseme alikuwa anajikuna.

"Mheshimiwa, samahani. Ngano ikila sana hulala."

"Na wewe ukila sana hulali?"

"Nalala, mheshimiwa."

"Ukiamka unakuwaje?"

"Nanenepa, mheshimiwa."

"Sasa unachoogopa ni nini?"

Mifuko elfu mbili ikamwagwa pale. Mzee Balitazari, jirani yangu, ambaye alikuwa na ekari nne za ngano yenye rangi ya manjano kama mgonjwa wa ini, alibeba mifuko sitini kwa mgongo wake mwenyewe akaimwaga kwenye kipande kisicho chake. Alipoomba akung'ute walau mfuko mmoja mtupu kwenye shamba lake, polisi aliuhesabu mfuko akaukunja akaupeleka kituoni.

Ngano ya Shamba la Mfano ikapanda. Ikawa nyeusi kwa ukijani, ikafika kifuani, majani mapana kama ya mahindi. Mabua yake sasa! Laini kama miguu ya ndama wa leo. Siku moja kabla ya Siku ya Mavuno ikanyesha mvua ndogo, mvua isiyoweza kulowesha kanzu, na ngano yote ikalala chini. Hatua mia tatu kwa ishirini, ikatandazika kama mkeka.

Luzabiko aliitazama, akakaa juu ya jiwe. Nilikuwepo. Nilimsikia akiuliza kama kuna njia ya kuhamisha barabara.

*

Baba akapita. Magari kumi na saba. Kioo kikashuka upana wa kiganja, jicho moja likaonekana.

"Luzabiko. Ngano hii ina nini?"

Kanali alikuwa amesimama saluti, jasho linamtiririka ndani ya soksi. Watu wa vijiji arobaini walikuwa wamepangwa pembeni na vibendera, kwa hiyo kila mmoja alisikia.

"Baba," akasema, "imeinama."

"Imeinama?"

"Imesikia unapita, Baba. Mimea nayo ina hisia."

Jicho likaitazama ngano muda mrefu. Halafu ile sauti ikasema, polepole, kama mtu aliyepewa zawadi aliyoistahili siku nyingi, "Na hii nyingine kule nyuma, mbona imesimama?"

Wiki mbili baadaye Luzabiko akavishwa nishani, na ukatoka Waraka wa Heshima Namba Moja. Ninao pia. Ulisema kuwa kuanzia mwaka wa tisa ngano yote nchini itainama Siku ya Mavuno, na ngano itakayosimama itahesabiwa kuwa ina maana yake. Kile kipande cha barabarani kikafutwa kwenye daftari la mashamba, kikapandishwa cheo kuwa Mahali pa Kumbukumbu, na kibao kikasimikwa: HAPA NGANO ILIINAMA KWA MARA YA KWANZA. Hakuna aliyepanda kitu pale tena. Hakuna kilichoota vilevile. Ile mbolea ilikuwa imeunguza udongo mpaka ukatoa ukoko mweupe, na magugu yenyewe, ambayo Kisonga huota hata kwenye kofia, yakapakwepa.

Msione kwamba kuinamisha ngano ni kazi ndogo, hasa ngano isiyo na mbolea. Tulikokota kamba. Tulibingirisha mapipa ya lami. Mzee Balitazari na mkewe walishika gogo, huyu huku na huyu kule, wakalipitisha juu ya ekari nne, wakilia bila kutazamana. Masuke yalilala kwenye tope, punje zikachipua humohumo kabla ya kuvunwa. Unga wake ulitoa mkate mfupi kama sahani. Redio ikauita Mkate wa Unyenyekevu, ikatufundisha kuukata kwa msumeno.

*

Desderi alipofika Mawe Matatu na kamba na vijana wawili wa chama, Mama Tasiana alikuwa ameketi kwenye kinu chake kilichopinduliwa, anachambua mbegu.

"Mama, kazi ni kazi. Utanisamehe."

"Fanya, mwanangu. Usijikwae tu kwenye kaburi la baba yako."

Wakakokota kamba juu ya ekari mbili. Ngano ikainama mbele ya kamba, na kamba ilipopita ikanyanyuka nyuma yake. Wakarudi. Ikanyanyuka tena. Ilikuwa fupi, mabua magumu, masuke mazito yaliyoshiba maharage ya mwaka uliopita. Walipopumzika kula chakula, ilikuwa imesimama yote, imetulia, utadhani imekuja kuwatazama wakila.

"Mama," akasema Desderi, akikaribia kulia, "iambie ilale."

"Iambie wewe. Si ndiwe uliyesomea?"

Siku ya Mavuno, mtu wa usalama aliyepanda kilimani kujisaidia akaiona ng'ambo ya pili: ekari mbili za ngano iliyosimama wima, na Baba anapita hatua elfu moja tu kutoka hapo.

Kesi ilisikilizwa ghalani. Mshitakiwa wa kwanza alikuwa ngano, ekari mbili; ekari ya tatu haikushitakiwa, maana daftarini ilikuwa ngano fupi. Wa pili, Tasiana, mjane. Mganda mmoja ukaletwa kizimbani, ukasimamishwa, na ukweli ni kwamba kule kusimama kwake kuliiharibu kesi tangu mwanzo.

"Mbona ngano yako haina adabu?" akauliza hakimu.

"Ina nguvu, mheshimiwa. Nimezoea kuona watu wakivichanganya vitu hivyo viwili."

"Ulitumia dawa gani?"

"Samadi ya mbuzi, na mbolea kidogo niliyonunua mwenyewe kwa mchuuzi. Napima kwa kifuniko cha soda. Mara ya kwanza ngano ikiwa urefu wa kidole, mara ya pili inapokaribia kutoa suke. Ile ya pili ndiyo inayoingia kwenye punje. Ukiitia yote siku moja inakwenda kwenye majani, unabaki na majani." Akamtazama Luzabiko. "Majani mengi."

Kisha, kabla ya mtu kumzuia, akachukua punje za Shamba la Mfano zilizokuwa mezani katika chupa ya heshima, akazitafuna. Ghala zima likamsikiliza akitafuna. Akatema kiganjani: uji. Akapukutua suke la mganda wake, akatafuna, akavuta. Lile donge likatoka mdomoni likashuka mpaka kwenye kifungo cha tatu cha gauni, likaning'inia, halikukatika.

Akina mama waliokuwa nyuma wakapiga vigelegele. Hakimu akagonga meza.

"Karani, andika: mshitakiwa ametafuna kidhibiti."

Hukumu ilikuwa fupi. Ekari tatu za Mawe Matatu zilichukuliwa na serikali, zikakabidhiwa kwa Kanali Luzabiko binafsi, kwa malezi. Mama Tasiana akaambiwa ana siku saba za kuhama. Lakini kwa kuwa serikali ina huruma kwa wajane, akapewa badala yake kile kipande cha barabarani chenye ukoko mweupe.

"Na kaburi?" akauliza.

Hakimu akapekua sheria. "Kaburi halikuandikishwa."

*

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi waliposema mama huyu amerukwa na akili. Alikwenda barabarani akaanza kukomboa lile jangwa. Akakwangua ukoko kwa jembe akaubeba kwa karai mpaka korongoni. Akatia samadi, akatia maganda, akatia majivu, akapanda maharage. Hakuna aliyemkamata, kwa sababu kipande kile hakikuwemo kwenye daftari la mashamba. Kilikuwa kumbukumbu, na sheria haikusema kumbukumbu isipandwe maharage. Msimu wa kwanza yalifia ardhini. Akapanda tena. Msimu wa pili yalitoa majani, akayafukia yote bila kula hata moja. Mwaka wa kumi na moja akapanda ngano. Kifuniko cha soda, mara mbili.

Siku ya Mavuno ya mwaka huo, uwanda wote wa Kisonga ulikuwa umelala kifudifudi kwa kamba na mapipa, na pale mbele ya kibao, mahali pa kumbukumbu, ngano ya Mama Tasiana ilikuwa imesimama wima hatua mia tatu.

Luzabiko aliiona akiwa tayari kwenye msafara. Tulimwona akishika mlango wa gari.

Kioo kikashuka. "Luzabiko. Hii mbona imesimama?"

Kanali akasimama wima. "Inapiga saluti, Baba."

Jicho likafikiri. Halafu sauti ikasema, "Saluti ni bora. Kuinama hata mbuzi huinama akila." Na kioo kikapanda.

Waraka wa Heshima Namba Mbili ulitoka ndani ya siku nne. Ngano yote nchini itasimama. Ngano itakayolala itahesabiwa kuwa ina maana yake. Kwa kuwa nyingi ilikuwa imelala tayari, watu walianza kukamatwa siku hiyohiyo. Mzee Balitazari alifungwa miaka mitatu kwa kuinamisha ngano. Aliwaonyesha polisi viganja vyake, alama za gogo la mwaka wa tisa zikiwa bado zipo, akawaambia ninyi ndio mlioniamuru. Polisi aliyemkamata alikuwa yuleyule. Akamwambia, "Mzee, wakati ule ulikuwa unatii sheria. Sasa kwa nini uliivunja?"

Mama Tasiana akaitwa jukwaani kupewa cheti cha Mkulima Mwenye Saluti. Luzabiko akamshika mkono mbele ya kamera.

"Serikali inakupenda, mama. Omba chochote."

"Nirudishiwe shamba langu la Mawe Matatu."

Kanali akageukia bendi. Tarumbeta sita zikapiga nyimbo nne mfululizo, na mama akasimama pale na cheti chake mpaka watu wakaanza kwenda nyumbani.

*

Kisonga kuna desturi ambayo serikali haijapata kuigusa kwa sababu ni ya wanawake na haina kiti cha mgeni rasmi. Kabla ya kupanda, kila nyumba hupeleka kiganja cha mbegu kwa nyumba ya jirani. Anayepokea huchanganya na zake, ili shamba la mmoja likikubali, la mwenzake nalo liwe na sehemu yake ndani. Tunaiita mkono wa mbegu. Hakuna anayekataa mkono wa mbegu. Ukikataa ni kama umemwombea mwenzako njaa.

Kipupwe cha mwaka wa kumi na mbili, Mama Tasiana alizunguka nyumba za kijiji chake na kikapu. Kwa kila mlango alitia kiganja. Yalikuwa maharage.

"Mama, tumeandikishwa ngano," wakasema.

"Najua. Naileta ngano fupi."

Wakacheka. Halafu wakaacha kucheka, wakatazama mashamba yao yaliyochoka, wakamkumbuka Balitazari aliyekuwa bado ndani. Nyumba zikapelekeana viganja, vijiji vikapelekeana vikapu. Mimi nilibeba vikapu vingapi, hilo ni suala langu na mgongo wangu. Nilichosema mlango kwa mlango kilikuwa kimoja: wamezoea kutusikia tukisema ndiyo au hapana kwa ngano, mwaka huu tusiseme kitu. Polisi walisimamisha watu njiani, wakafunua vikapu, wakavifunika. Huwezi kumkamata mtu kwa kubeba maharage. Walijaribu, lakini kwenye fomu hapakuwa na mstari.

Hatari ilibaki moja, nayo ni Desderi, ambaye kazi yake ilikuwa kupita shamba hadi shamba na kuandika. Alipita. Siku kumi na mbili alitembea katikati ya maharage ya vijiji arobaini, hakusalimia mtu wala hakuinua uso. Tukasema tumekwisha. Baadaye ndipo tulipoiona ripoti aliyopeleka wilayani: "Uwanda wote, ngano fupi, hali nzuri sana."

Luzabiko akaigonga muhuri. Alifurahi mno. Ngano fupi, alisema, hailali kamwe.

*

Siku ya Mavuno ikafika. Magari kumi na tisa, yalikuwa yameongezeka. Sisi tumepangwa pembeni na vibendera vyetu. Mama Tasiana alikuwa mbele, karibu na kibao, mikono ameifunga nyuma. Na kulia na kushoto mwa lami, mpaka macho yanapochoka, kulikuwa na kijani kilichotapakaa, hakikuinama na hakikusimama. Kilitambaa.

Kioo kikashuka upana wa kiganja. Kisha, jambo ambalo halijapata kutokea, kikashuka chote. Tukauona uso. Ulikuwa uso wa mzee, basi, kama wa mzee yeyote.

"Luzabiko. Hii inafanya nini?"

Kanali alifungua mdomo. Tulimwona akitafuta. Kuinama kulikwishatumika. Saluti ilikwishatumika. Akatazama shamba hili, akatazama lile, uwanda mzima haukumsaidia.

"Ni ngano fupi, Baba."

"Ngano fupi?"

"Mbegu mpya, Baba. Kutoka wizarani."

Waziri, aliyekuwa gari la pili, akapandisha kioo chake.

Baba akanyoosha shingo. "Mimi mama yangu alinilea kwa chakula hiki, hata viatu tulikuwa hatuna. Nakuuliza mara ya mwisho, Luzabiko. Hiki ni nini?"

Vibendera vilisikika vikipepea. Watu wa vijiji arobaini tulimsogelea kidogo, si kwa nia mbaya, tulitaka tu kusikia.

"Maharage, Baba."

Miaka kumi na miwili nimesimama kando ya barabara ile. Hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli kusemwa juu ya lami yake.

Msafara ukaondoka. Ukamwacha yeye. Alibaki amesimama katikati ya barabara na nishani yake, hajui aelekee wapi, maana kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuondoka pale kwa miguu. Mama Tasiana akamfuata.

"Karibu chakula, mheshimiwa," akamwambia. "Unajua tumepika nini."

*

Hawakuweza kukamata vijiji arobaini. Gereza la wilaya lina vyumba sita, na kimoja kina mbuzi wa mkuu wa gereza. Wakatuma Mkuu wa Wilaya mpya, mtu mpole mwenye miwani, aje aulize kwa niaba ya ikulu ngano itarudi lini, kwa sababu ikulu nako kuna watu wanaokula mkate, na walikuwa wamechoka na msumeno.

Tulimwambia amuulize Mama Tasiana. Naye akamjibu wazi. Ngano itarudi mwakani, ardhi ikishapumzika. Vijiji vyote vitamfuata yeye. Siku atakayotia mbegu ndiyo watakayotia. Naye hatii mbegu mpaka Balitazari awe nyumbani na yeye awe kwao Mawe Matatu.

Mkuu mpya akasema mambo hayo yanahitaji mchakato. Mama akasema hana haraka, maharage anayo.

Balitazari alitoka Jumanne. Karatasi ya shamba ikaja Ijumaa, ikiwa na muhuri wa yuleyule hakimu, na hakuna mahali ilipoandikwa kwamba walikosea. Iliandikwa kwamba muda wa malezi umekwisha. Wapo wanaoniambia sasa niyaache, shamba si limerudi. Mimi nimeziweka karatasi zote pamoja, Waraka Namba Moja juu ya Namba Mbili, na viganja vya Balitazari navikumbuka bila karatasi.

Tulimsindikiza Mama Tasiana hadi Mawe Matatu. Luzabiko alikuwa amelilea shamba lile kwa namna anayoijua: mbolea juu ya mbolea, ngano juu ya ngano, miaka mitatu. Ukoko mweupe ulikuwa umeanza kwenye ekari ya kwanza. Kaburi lilikuwa limepitiwa na plau, ukingo mmoja umemomonyoka. Mama akapiga magoti akaurudishia udongo kwa mikono, akaupigapiga, akachukua donge la shambani akalivunja akalinusa.

Desderi alikuwa amekuja nyuma yetu na daftari lake, amesimama mbali kidogo, kama mtu asiyejua kama amealikwa.

"Bwana Shamba," Mama akamwita, bado amepiga magoti. "Sogea. Si ndiwe uliyesomea? Hapa nipande nini?"

Desderi akageuka kwanza akatazama barabarani kama kuna gari. Halafu akafungua daftari, akaegemeza kalamu, na huku akiandika akasema kwa sauti iliyowafikia watu wote waliokuwepo:

"Maharage, mama."